Usiguse Mstari Huu

Ghorofa ya tisa, Wrocław, Januari.
Vyumba vya usaili vimepewa majina ya samaki;
mimi nimepangiwa Kambare:
ukuta wa kioo, kalamu nne za ubaoni (mbili zimekauka),
chupa ya maji yenye nembo yetu
na saa inayohesabu kurudi nyuma
kutoka arobaini na tano.

Akaingia mtu wa miaka hamsini na kitu,
sweta la kijivu, viwiko vimetiwa viraka vya ngozi,
theluji ingali ikiyeyuka masharubuni.
Kofia kaishika kwa mikono miwili
kama aliyekuja kuomba radhi
kwa kosa asilolijua.
Wasifu wake umefichwa jina. Ndiyo sera:
tusimpendelee mtu, tusimchukie mtu,
tupime ubongo peke yake, mkavu,
kama unga kwenye mizani ya duka la dawa.

Nikasoma swali. Nimelisoma mara themanini.
"Huu hapa mti, mizizi juu, majani chini.
Ugeuze: kulia kuwe kushoto."
Vijana huugeuza kwa dakika sita.
Wamekariri. Hujifanya kushtuka, hujikuna kichwa kidogo,
kisha jibu likatiririka, nami nikajifanya kuamini.
Tunaelewana.

Yeye aliutazama tu.
Dakika ya nne. Dakika ya saba.
"Samahani. Mti huu ni wa nani?"
"Wa nani kivipi?"
"Ukianguka usiku, anaamshwa nani?"

Hakuna kisanduku cha swali hilo kwenye fomu.
Nikamwambia, tuseme haumhusu mtu.
Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo:
"Basi uacheni ulivyo."

Lakini alijaribu. Mkono mzito,
akaandika, akafuta kwa kiganja, akaandika,
akachora mishale iliyogongana njiani,
na saa ilipolia alikuwa nusu ya safari.
Akarudisha kalamu mahali pake. Halafu, kwa mazoea,
kama fundi agongaye alama chini ya sufuria,
akatia pembeni mwa ubao herufi mbili:
Z.K.

Miaka sita nimelea mtambo wa malipo
tulioupata tulipoinunua kampuni ndogo ng'ambo ya mto Odra
(watu tuliwapa barua, msimbo tukaubakiza).
Ndani yake, mstari wa elfu moja mia mbili na kumi,
lipo onyo ambalo hakuna aliyethubutu kulifuta:
"Usiguse mstari huu. Niliuliza kwa nini,
nikajibiwa saa tisa usiku. — Z.K."
Nilipokuwa mgeni niliugusa.
Nami nikajibiwa. Saa tisa na dakika kumi.

Nilitaka kumwambia palepale,
ila Bartosz wa idara ya ajira keshasimama kizingitini.
"Asante kwa muda wako," nikasema.
Akasema asante kwa maji.

Alisahau kofia. Nikamkimbilia hadi kwenye lifti.
"Malipo ya usiku," nikahema, "bado yanapita."
Akanitazama, kofia ikining'inia kati yetu.
"Mstari upo?"
"Upo."
Milango ikafunga.

Jioni ikakaa kamati. Kasi: mbili kati ya tano.
Mtu mzuri, alisema Bartosz, ila si wa kiwango.
Niliandika aya tatu kwenye kisanduku cha "Mengineyo",
kinachokata maneno baada ya herufi mia mbili.
Kura tatu kwa moja.

Leo zamu ya usiku ni yangu.
Simu imelia saa tisa kasoro robo: hitilafu ndogo, ya jirani,
nimeimaliza nikiwa na soksi moja mguuni.
Kabla ya kuzima nimeshuka hadi ule mstari.
Chini ya herufi zake nimeongeza:
"Bado ni kweli. — J.W."
Mfumo umeuliza sababu ya badiliko.
Nimeandika: adabu.