Nani Alizima Mshumaa

Ghorofa ya tatu, Barabara ya Kirinyaga,
juu ya duka la springi na bushi za magari,
nasahihisha vitabu vya watu wengine.
Kalamu nyekundu. Feni yenye kikohozi.

Wiki hii ni riwaya ya Mwalimu Agesa,
mstaafu wa jiografia kutoka Vihiga:
miezi saba angani,
mto unaopanda mlima kwa magoti,
joka lenye magamba ya shaba.
Kurasa kumi na moja za magamba!
Nimeyapitia moja moja kama karani wa ghala.

Na humo ndani, Zirai na Tandu.
Zirai mlinzi wa lango, Tandu mhunzi wa panga,
wanawake wote wawili; mzee hakuficha,
na kwa hilo nampa heko.
Sura nne wanagombania jiwe la kunolea.
Kisha, ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili,
Zirai anavua kofia ya chuma,
Tandu anaona alama ya ukanda kidevuni pake,
anainua kidole

*mshumaa ukazimika.*

Basi. Sura mpya.
Alfajiri, mshale. Tandu chini.
Unabii ulikwisha kusema, ukurasa wa tisa:

*Wawili wenye ahadi, ijapo wanapendana,
wakivuka mto Sadi, hawataona mchana.*

Vina vimetimia, mizani imetimia.

Nimezisoma nyingi za namna hii,
nilizookota kwa kuinama kando ya lami.
Kama si mshale ni laana,
kama si laana wanageuzwa miti
waguswe na upepo kwa niaba ya kila mmoja.
Wengine hufanya kinyume: huwasha taa zote,
mwandishi anachungulia, jasho, mgongo, jasho,
na hakuna anayeuliza
ni nani mwenye baridi miguuni.

Nikauzungushia mshumaa duara.
Pembeni nikaandika: *Nani aliuzima?*

Ngara, saa mbili usiku, tokeni zimeisha.
Nyaboke amekaa kwenye mkeka, kichwa magotini pangu,
nafumua misuko ya wiki sita
kwa mpini wa kitana na mwanga wa simu.
Kila msuko unaofunguka, anashusha pumzi
kama mtu anayetua debe.
Hapa nyuma ya sikio ana kovu la ufuta wa moto;
nalijua gizani.
Mama mwenye nyumba anajua sisi ni mabinamu.
Pazia tumelibana kwa vibanio viwili vya nguo.
Simu ikafa.
Sikuacha kufumua.

Hapo nikamwelewa mzee, na nikamkasirikia zaidi.
Giza si kosa. Giza tunalo, tunaishi ndani yake,
tunamenya vitunguu humo, tunacheka humo
tukiwa tumeuma mto.
Kosa ni kuondoka.
Kuzima mshumaa, kisha mwandishi
akatoka nje na msomaji wake, akafunga mlango,
wakaenda kulitazama joka.

Aliweza kuwaza mto upande mlima.
Hakuweza kuwaza wawili wale
wakiamka, mmoja akitafuta kandambili.

Asubuhi nikaongeza chini ya duara:
*Waamke, Mwalimu. Mmoja achemshe maji.*
Nikaitazama wino ikikauka.
Bosi akipita, ni sahihisho la kawaida tu,
kama koma.

Siku ya nne akapiga simu.
Kelele za kuku nyuma yake, kisha kimya kirefu,
nikadhani salio limekata.
Akakohoa.
Akasema wasomaji, akasema mchapishaji,
akasema mkewe, Mungu amrehemu, angemuuliza vilevile.
Kimya tena.
Halafu, kwa sauti ya mtu anayeshika chaki:

“Hayo maji.
Ni ya kuoga, au ya chai?”