Siku ya Nne

Changamoto ilikuwa nyepesi: siku saba,
mbwa akae, soseji juu ya pua,
asiiguse hadi aambiwe "haya".
Maritza alijirekodi kwenye roshani yake, Valparaíso,
simu imeegemea chupa ya dawa ya viroboto.

Siku ya kwanza, watazamaji kumi na mmoja;
wanne ni dada zake.

Siku ya nne Canela akaikodolea soseji,
akamkodolea mwalimu,
akala, kisha akatoweka na sahani.

Alinuia kuifuta video. Kidole kikagoma.
Akaandika chini yake: Mganga hajigangi.

Asubuhi, mtu mlangoni,
mfuko wa koti umetafunwa,
mkono wake ukivutwa na kamba,
na kamba na kitu kisichoonekana huko ngazini.

"Wako nimemwona," akasema,
"ndiyo maana nimemleta wangu."