Ushuru wa Magurudumu

Funga kwanza, mabishano baadaye.
Ndivyo nilivyofundishwa na kamba,
kamba ya mpira niliyoichana kwa kisu
kutoka tyubu za malori zilizostaafu pale Nyawera.

Baiskeli tano za mlimani, pikapu moja ya Bisimwa.
Mlango wa nyuma tumeuvika godoro la mama mkwe wake,
lenye maua ya zambarau na doa la chai.
Shingo za baiskeli zinalalia hapo,
magurudumu ya mbele yananing'inia nje
kama watoto waliopanda ukuta kutazama arusi ya jirani.

Nabintu anataka yake iwe katikati, rangi isichubuke.
Cirhuza anataka yake iwe ya mwisho, ishuke ya kwanza.
Zihindula na mdogo wake hawasemi kitu, wanakula mandazi.
Mimi sina yangu.
Mimi ni wa kamba.
Mgongo kwenye kioo cha dereva,
mguu mmoja ndani ya fremu ya huyu, mwingine ndani ya fremu ya yule,
na kila shimo la Panzi nalijua kwa jina
na kwa mfupa.

Ukungu haujaamka bado.
Wanawake wanashuka na makala, kamba kwenye paji la uso.
Mmoja anatutazama, anatazama magurudumu yanayozunguka hewani
bila kwenda popote,
anacheka mpaka mzigo unamtikisa.
Na mimi nacheka. Kweli, mama:
kitu cha kubeba watu, leo kimebebwa.

Kabla ya Nyangezi, kizuizi.
Kamba ya nailoni ya buluu, imekatiza njia,
imefungwa fundo baya, fundo la mtu mwenye njaa.
Kijana ana ndara na daftari.
"Gari lina magurudumu mangapi?"
"Manne, shefu."
"Mimi nahesabu kumi na manne."
Akazunguka nyuma, akainama.
"Kumi na tano. Kuna la akiba."

Bisimwa akashuka, akafunga mlango taratibu,
dalili kwamba hasira imefika kooni.
"Nikibeba mbuzi, utalipisha kwato?"
"Mbuzi ana bei yake," alisema kijana,
akafunua ukurasa.

Jua likapanda. Mandazi yakaisha.
Nikaanza kufungua mafundo, bila kuambiwa,
moja,
moja,
mpira ukinirukia vidole.
"Unafanya nini, Mweze?"
"Napunguza magurudumu."

Zikashuka zote tano barabarani,
na waendeshaji walikuwa wanne.
Bisimwa akanitazama. Akaitazama yake, ile nyekundu,
ambayo hata mkewe haruhusiwi kuifuta vumbi.
"Panda," alisema, kama mtu anayetoa jino.

Kijana akateremsha kamba.
"Kinga hailipi," alisema,
maana kwetu baiskeli ni kinga,
na asubuhi ile jina lilifanya kazi yake.

Sikujua gia. Nilibonyeza kitu, mnyororo ukakohoa,
nikabonyeza kingine, mlima ukawa mwepesi.
Miaka minne nazifunga hizi,
najua uzito wa kila moja kuliko wenyewe,
najua ipi ina msumari uliolegea,
wala sikujua kwamba zikiachiwa
zinakaa kimya namna ile.

Nyuma yangu, kelele tena.
Gari lina magurudumu manne, sawa.
Lakini godoro?
"Godoro ni bidhaa," alisema mwenye daftari.

Basi godoro likabaki.
Upande wa pili nilifunga nne, nikaweka koti langu mlangoni,
likatosha nne tu.
Bisimwa akaupapasa mlango, bati tupu, makali,
akaipapasa nyekundu yake,
akatema mate.
"Wewe utakuja nayo. Taratibu. Mpaka Ngomo."

Taratibu, nilisema.

Kuna kijana atalala leo juu ya maua ya zambarau,
na mama mkwe atauliza,
na nani atamjibu, sijui.
Mimi nilikuwa mbele, mteremkoni,
mikono haina kamba hata moja.