Siku Arobaini na Moja za Upepo

Wamenilipa niupime upepo.
Si kasi yake. Kasi wanayo uwanja wa ndege,
saa kwa saa, imegongwa muhuri.
Nipime bei yake.

Madai yamekuja katika masanduku manne ya viatu.
Oyarzo na Wanawe, wakandarasi wa ukumbi wa michezo,
wanasema winchi ilisimama siku arobaini na moja,
mkono wake umefungwa kama mkono uliovunjika,
na kila siku iliyosimama ilikula:
kodi ya winchi, mshahara wa dereva wake,
mlinzi, jenereta, choo cha kukodi,
na kifungu kidogo cha ofisi kuu
ambako mtu fulani, nadhani, alikuwa akichapa barua hizi.

Mshitiri, yaani manispaa, kajibu kwa mstari mmoja:
Punta Arenas nani asiyeujua upepo?
Hapa tunafunga kamba mitaani watu wazishike wasipeperushwe.
Aliyetia saini alitia huku kashika kofia.

Wote wawili wana haki. Ndiyo maana nimeitwa.

Mkataba, kifungu cha kumi na tisa:
upepo wa kawaida ni mzigo wa mkandarasi,
usio wa kawaida ni mzigo wa mshitiri.
Basi nimekesha na vipimo vya miaka kumi
nikiugawa upepo mafungu mawili,
kama mama anayegawa mkate
mbele ya watoto wanaochungana macho.

Kodi ya winchi nimeikata mapema.
Karatasi ya bima imeniambia winchi ni ya Oyarzo mwenyewe,
na mtu hajikodishii chake.
Nimempa uchakavu, na grisi.
Alipiga simu. Alitukana kwa adabu.

Siku za kawaida: ishirini na sita. Zimefutwa.
Siku zisizo za kawaida: kumi na nne. Zilipwe.
Ishirini na sita na kumi na nne ni arobaini.
Nikahesabu tena kwa kidole.

Tarehe tisa Oktoba.
Uwanja wa ndege: shwari.
Mlango-bahari wa Magellan umetulia kama sahani.
Jedwali la madai: upepo.
Daftari la msimamizi, mwandiko wa kulala, duara la kikombe cha mate:
*Hakuna kazi.* Basi.

Mali bila daftari hupotea bila habari,
lakini hapa daftari lipo, na habari haimo.

Nikamwita msimamizi, Delfín Barría.
Alikaa ukingoni mwa kiti, asikichafue.
"Siku ile tulimzika Quelín. Wenceslao. Mfunga nondo.
Hakufia kazini, usije ukaandika hivyo.
Ni moyo, nyumbani kwake, buti moja mguuni.
Tulikwenda makaburini watu kumi na wanane, tumevaa helmeti,
hatukuwa na kofia nyingine zinazofanana.
Mwanasheria akasema weka upepo,
jedwali halina safu nyingine."

Nilikuwa na kalamu mkononi, nikaiona ni nzito.
Siku moja. Peso laki sita na ushei.
Manispaa isingeijua. Ningeweza kuiacha ipite
kama sarafu iliyodondoka nyuma ya kochi.

"Ifute," akasema Barría.
"Miaka mitano mbele mtu atasoma hapo: upepo.
Quelín hakuwa upepo."

Ukurasa wa thelathini na tatu wa ripoti yangu unasema:
*Siku ya 41. Haikuthibitishwa.*
Ndiyo lugha ya kazi hii, sina nyingine.
Haina maana kwamba haikuwapo.

Nimejumlisha, nimetoa, nimeweka riba.
Oyarzo atapata theluthi ya alichoomba
na manispaa italipa zaidi ya ilivyoapa.
Hakuna atakayenitumia kadi ya Krismasi.

Nilitoka kupeleka nakala tatu,
ripoti kwapani, mkono mmoja kwenye kamba,
sketi ikinipiga magotini, na bango la duka la dawa
likivingirika barabarani kutafuta mwenyewe.
Upepo wa kawaida kabisa.
Ningeufuta.