Daftari la Imara Daima

Kabla ya jembe la kwanza tulikula kiapo cha karatasi:
masharti, michoro, orodha ya vipimo na bei,
barua ya zabuni yenye muhuri uliopinda,
vyote vimefungwa kwa utepe wa kijani
na kulazwa kabatini mwa ofisi ya mabati,
mbali na panya, karibu na birika.

Kila mtu ana mlango wake humo.
Gathungu, mwajiri, ni wa kulipa,
na wa kuja Jumamosi na viatu safi akiuliza mbona bado.
Adhoch, msanifu, aliliona jengo kabla yetu sote,
lilipokuwa hewa tupu juu ya udongo mweusi,
ule unaovimba mvuani na kupasuka kiangazi.
Kiprugut, mhandisi, ni wa mifupa.
Mwikali huhesabu. Hata shimo analipa bei.
Nyamweya, mkandarasi, ni wa kujenga na wa kulaumiwa,
na kazi zote mbili alizipigia zabuni moja.

Mimi nimo ukurasa wa arobaini na moja, mstari mmoja:
karani wa kazi atakagua, ataandika, hataamuru.
Jicho, basi. Jicho lenye kalamu.

Jumatano, saa nane na robo, wingu limetanda upande wa Athi,
lori la zege linanguruma langoni, tumbo likizunguka.
Nachungulia na tochi ndani ya mbao za nguzo 4B,
nahesabu vyuma kama mjomba anayehesabu ng'ombe wa mahari:
sita.
Mchoro unasema vinane.
Orodha inasema sita.
Na kifungu cha tano, nilichokisoma kwa mshumaa
usiku ule stima ilipopotea,
kinasema karatasi zikigombana, mchoro ndio mkubwa.

Nampigia Kiprugut. Yuko Nakuru, simu imejaa upepo.
"Mwaga tu," nasikia, au labda "ngoja tu".
Nyamweya amesikia la kwanza.
Namwambia agizo la mdomo halina miguu, na liandikwe.
"Zege halingoji barua," anasema.
"Na kwani wewe ni nani kwenye mkataba huu?"

Swali zuri. Jibu langu halikuzidi mstari mmoja.
Nikafungua daftari juu ya wilbaro
nikaandika polepole, kwa sauti, kama mwalimu wa imla:
*Saa nane na dakika ishirini na mbili. Nguzo 4B. Vyuma sita.*
*Mkandarasi ameambiwa. Mkandarasi anamwaga.*
Makokha, fundi wa vyuma, akazima redio.
Tone la mvua likaangukia neno la mwisho, wino ukatanuka.
Nikampa Nyamweya kalamu atie sahihi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.
Nadhani walikuwa wanafikiria duka.

Aliishika kalamu kama mtu aliyeshikishwa sindano.
Akaigonga mara mbili kwenye kofia yake ya njano,
akanirudishia, akamgeukia dereva na kumtukana
matusi yaliyonihusu mimi.

Lakini zege likishalipiwa halirudi kiwandani.
Wakalimwaga kwenye kibanda cha Muyodi, bawabu,
lililobaki likafunika njia ya kwenda chooni.
Hakuna mchoro wa sakafu ile. Hakuna kipimo.
Nililiandika hilo pia.

Agizo lilikuja Alhamisi, sahihi mbili: vyuma vinane.
Nguzo ikamwagwa Ijumaa, jua likiwaka bila aibu.
Nyamweya akaleta madai: siku moja, lori moja.
Mwikali akayakata kwa wino mwekundu,
taratibu, kama anayemenya chungwa.

Sasa jengo lina ghorofa sita. Amana imezuiliwa,
tunangoja miezi ya kasoro ipite, tunatafuta nyufa.
Bado natembea na tochi.
Na Muyodi ananiambia kwamba usiku,
malori ya Barabara ya Mombasa yakipita na kontena zao,
vioo vya jirani hulia,
chai yake kikombeni haitikisiki.