Hodi ya Siku ya Sita

Saa kumi alfajiri. Stima imepotea
kuanzia Kondele mpaka Milimani.
Jenereta inakohoa, nami nalinda kisahani
kwenye joto la nyuzi thelathini na saba.

Ndani, vitone vidogo kuliko chembe ya chumvi.
Si mimba. Havina baba, wala mama wa kuvililia.
Ni seli za ngozi ya mtu aliyetia sahihi,
tukazibembeleza zisahau kuwa ngozi,
zikajikunja, zikajifanya mwanzo.

Leo siku ya sita. Kimoja kimegusa
kitanda tulichokitandika kwa seli za mji.
Kimebisha hodi.
Nimeinamia hadubini, sipumui.

Mji: neno moja, nyumba mbili.
Huu wa Kisumu nazijua njia zake zote.
Ule wa wifi yangu Nereah
haukumwitikia mgeni, mara nne.
Wakasema amelogwa. Wakasema alichelewa.
Mama akahesabu miezi kwa sauti
akichambua omena,
na mimi, mwenye shahada,
nikamenya viazi.

Kitone kinaegemea, kinateleza,
kinarudi kama mtu aliyesahau kitu mlangoni.
Kwa nini huyu akaribishwe, yule arudishwe?
Sijui. Naandika daftarini: Kimeshika.

Stima inarudi. Friji inanguruma.
Nitamwambia nini Nereah? Hii si dawa.
Labda hili tu: kwamba hata hapa,
pasipo mchawi, pasipo ndimi za watu,
vitone ishirini na vinne vilibisha,
vinane tu vikafunguliwa.