Starehe

Nilikuja na Kiswahili changu sandukuni,
kimekunjwa baina ya kitenge na vyeti,
nikiamini hicho angalau hakitapimwa mizani.
Bandarini afisa akagonga muhuri, akauliza:
"Wa wapi?" "Bukavu." "Basi lugha unayo."
Nikajibu, "Njo ile, niko nayo."
Akainua macho.

Mwezi wa kwanza nilirudi chekechea.
Darajani niliomba birayi, muuzaji akanitazama mdomo;
nikanyoosha kidole. "Aa, mbatata!"
Kwetu tomati, kitabuni nyanya,
kwa Bi Zuwena tungule, na kwake ndiko ninakokula.
Nilimwambia nina hamu ya sambaza,
samaki wa ziwa letu, wembamba kama kalamu,
Mama huwakaanga mpaka waimbe.
Akaacha kuchambua mchele, akauliza kwa huruma:
"Nikusambazie nini, mwanangu?"

Ghorofa ya tano, Michenzani.
Maji hayapandi. Mimi ndiye ninayepanda nayo,
ndoo kichwani, ngazi tisini na mbili,
na kila mlango ulio wazi una watu wanaokula,
na kila wanaokula husema, "Karibu!"
Siku ya tatu nilikaribia.
Nikatua ndoo, nikavua ndala, nikakaa mkekani,
nikala boflo na maharage ya nazi ya watu
mpaka nikashiba.
Wakanisogezea bakuli. Hakuna aliyecheka.
Ila Hafidh, mjukuu wa Bi Zuwena, alikuwa keshasikia:
"Dada Nsimire, ukiambiwa karibu
unajibu ahsante, starehe,
kisha unapita."
"Na kama nina njaa kweli?"
Akafikiri. Ana miaka minane.
"Basi unapita polepole."

Nikajifunza kupita polepole.
Nikajifunza kubisha hodi mara tatu na kurudi,
kuamka kabla bomba la chini halijaanza kukohoa,
kuandika upungufu wa damu bila kutafuta Kifaransa chake,
kumwamkia shikamoo mtu aliyenizidi miaka sita tu;
kwetu ni jambo, na mkono, kwisha.
Usiku, umeme ukikatika, nilihesabu mifupa ya kiganja
kwa tochi ya simu, kiganja changu mwenyewe.
Kulia nililia pia. Hilo sitaki kulieleza.

Halafu, wodini, bibi mmoja wa Makunduchi
alinishika mkono, akanieleza maumivu yake
kwa maneno ambayo sikupata kuyasikia, hata moja.
Nikamgeukia Rukia, mzaliwa wa Kwahani,
mshindi wa insha tangu skuli ya msingi.
"Amesemaje?"
Rukia akanong'ona, "Nami nataka kukuuliza wewe."
Tukacheka hadi sista akatutisha kwa jicho.
Bibi naye akacheka, akajishika ubavu,
akakunja uso.
Hapo tukajua panapouma.

Jumapili Mama hupiga simu.
"Beko banakupa vya kulya?"
Wananipa, Mama, nashukuru,
ila tungule mwezi huu zimepanda bei.
Kimya. Nyuma yake kuku wanagombana.
"Unasema sasa kama batu ba ku radio," akasema,
na sikujua kama ni sifa.
Nikaitafuta sauti ya nyumbani, ikaja nusunusu,
kama bomba letu: hewa kwanza,
kisha kutu, kisha tone.

Jana nimepata unga wa muhogo, nikasonga fufu,
nikala mlango wazi kwa sababu ya joto.
Akapita mpangaji mpya wa chumba cha mwisho,
kijana wa Moroni, wiki yake ya kwanza,
shati limelowa, ndoo imebaki nusu.
"Karibu!" nikasema, kabla sijafikiri.
Akasimama.
Akaitazama fufu, akanitazama mimi,
akatua ndoo,
akaanza kufungua kamba za viatu.
Nikasogea mkekani.